Kalamu ya wino ya bei mbaya na biki: unalipia nini hasa?

Wakikutana watu wanaopenda kuandika kwa mkono ubishi huwa ni uleule, huyu anasema kununua kalamu ya wino, ile unayoijaza wino mwenyewe, kwa hela ya kununulia simu ni kuchezea pesa, yule anasema aliyezoea biki hajui utamu wa kuandika. Mi ninazo zote na nazitumia kila siku, na kwa kweli naona kila mmoja ana nusu ya ukweli, ila cha kuuliza ni kwamba ile hela ya juu inaenda wapi.

Nianze na biki maana inadharauliwa bure. László Bíró, Mhungaria, alichukua hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kalamu ya kigololi mwaka 1938, halafu Marcel Bich kule Ufaransa akaitoa Bic Cristal mwaka 1950, na hadi 2006 zilikuwa zimeshauzwa bilioni 100, ndo maana wengi wetu tunaita biki hata kalamu ya kampuni nyingine kabisa. Ichukue uitazame vizuri, ina pembe sita isibiringike mezani, ubavuni ina kitundu cha kupitisha hewa, na mfuniko nao una tundu ili mtoto akiumeza kwa bahati mbaya hewa iendelee kupita. Hapo kwenye ncha kuna kigololi cha milimita moja tu kinachozunguka kwenye wino mzito wa mafuta. Yaani kuna akili nyingi imelala kwenye kitu ambacho mtu akikipoteza hata hageuki nyuma kukitafuta.

Na huo wino wa mafuta una faida yake. Kuna siku begi langu lilinyeshewa na daftari likalowa, nilipolifungua kurasa zote nilizoandika kwa kalamu ya wino zilikuwa zimegeuka mawingu ya bluu, husomi kitu, lakini vijineno nilivyokuwa nimeviandika pembeni kwa biki vilikuwa vimekaa palepale kama jana. Niliumia sana kwa sababu yalikuwa maelezo ya miezi miwili. Kuna wino wa chupa usiofutika kwa maji, upo, ila ukikaukia ndani ya kalamu kuutoa ni kazi, kwa hiyo lazima uwe mtu wa kuosha kalamu mara kwa mara.

Sasa upande wa pili. Chukua karatasi uliyoijaza kwa biki, igeuze, pitisha kidole kwa nyuma. Utahisi vinundu mstari kwa mstari, hiyo yote ni nguvu ya mkono wako, maana kigololi bila kukandamizwa hakizunguki vizuri. Kwa mtu anayesaini mara mbili kwa siku haina shida, ila kwa anayeandika kurasa nne tano mfululizo, kidole gumba na kiganja vinaanza kulalamika. Kalamu ya wino yenyewe inavuta wino kupitia ule ufa mwembamba wa nibu, yaani ile ncha bapa ya metali, ukigusa tu karatasi wino unashuka wenyewe, unaishika kwa ulegevu mkono unateleza tu. Hii siyo mbwembwe za matajiri jamani, ni tofauti ambayo mwili unaisikia.

Lakini, na hapa ndo nagombana na wenzangu wa kalamu za kifahari, faida hiyo unaipata kwenye kalamu ya wino ya bei ya chini kabisa. Nibu za dhahabu zilianza kwa sababu inayoeleweka, wino wa zamani ulikuwa na asidi na ulikuwa unakula chuma, dhahabu hailiwi. Leo kuna chuma kisichoshika kutu na wino wenyewe umekuwa mpole. Tena kinachogusa karatasi siyo dhahabu, ni kitone cha metali ngumu kilichochomelewa kwenye ncha, na nibu nzuri ya chuma nayo inacho. Pilot, kampuni ya Japani, wana kalamu ya wino ya bei nafuu inaitwa Kakuno, wameitengeneza wakiwafikiria watoto, na mwandiko unaotoka pale hauna aibu hata ukiuweka karibu na wa kalamu ya kifahari ya Montblanc Meisterstück 149, ile iliyoanza 1952 na nibu yake imechongwa 4810, urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita kama ulivyozoeleka kutajwa. Dhahabu inanesa kidogo zaidi, ni kweli, wengine wanaipenda, mi pia naipenda, ila hiyo raha hailingani na pengo la bei.

Kwa hiyo ukipita hapo unalipia uzuri na kazi ya mikono, na siuoni ubaya. Kuna kalamu za Namiki, za Kijapani, zinazopambwa kwa maki-e, yaani fundi anachora kwa sandarusi na vumbi la dhahabu tabaka juu ya tabaka, kazi ya miezi. Anayenunua hiyo ananunua sanaa, basi aseme hivyo, asiseme inaandika vizuri mara mia. Na kalamu nzuri inatengenezeka, kuna Parker 51, zilizoanza kuuzwa 1941, ambazo mpaka leo zinaandika.

Kinachonikera ni kalamu kama hizo kufungiwa kwenye boksi kwa woga. Mwenye nayo haitoi nje, hamwazimi mtu, na kuazima kweli ni hatari kwa sababu mtu wa biki ataikandamiza mpaka meno mawili ya nibu yaachane. Wino unakauka, mwaka unapita.

Yangu ya nibu ya dhahabu nilipewa zawadi, naijaza kila Jumapili jioni na inakaa mezani kwa kazi ndefu. Mfukoni natembea na biki, ya fomu zenye nakala chini, ya mvua, na ya yeyote atakayesema naomba kalamu mara moja.