Saa ya kiwandani nayo ina haki ya fundi

Nyumba nyingi za Kibokoni na Makadara, hapa Mombasa, bado zina ile saa ya mbao juu ya kabati, yenye matundu mawili ya ufunguo usoni, moja la mwendo na moja la kengele. Mara nyingi imesimama. Ukiuliza kwa nini haipelekwi kwa fundi, jibu ni lile lile: hiyo si saa ya tunu, zilitoka kiwandani kwa maelfu, na fundi atataka pesa kuliko bei yake sokoni.

Hoja hiyo siikubali hata kidogo.

Kweli zilitengenezwa kwa wingi. Huko Connecticut, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19 mtengenezaji saa Eli Terry alichukua oda ya mitambo 4,000 ya saa za mbao akaimaliza kwa miaka mitatu. Chauncey Jerome akaja na mitambo ya shaba ya bei nafuu, na mwaka 1842 akaanza kuipeleka Uingereza. Kampuni za Junghans ya Ujerumani na Smiths Enfield ya Uingereza zikafuata njia hiyo hiyo. Lakini fungua mlango wa nyuma utazame: bamba mbili za shaba, nguzo kati yake, na nati au pini za kuzishika. Mtambo huo umeundwa ili ufunguliwe, usafishwe, urudishwe kazini.

Kinachoziua ni mafuta. Saa ikisimama, mtu hupuliza ndani mafuta ya bawaba za mlango, inatembea wiki chache, kisha kimya. Mafuta ya zamani yameshika vumbi, na hapa kwetu kuna unyevu na chumvi ya bahari juu yake. Yanageuka uji mweusi unaozunguka ncha za mihimili na kuisaga shaba polepole, mpaka tundu lililokuwa duara linarefuka kama yai. Magurudumu yanaachana na meno hayashikani vizuri. Ukiongeza mafuta hapo, umeusukuma ule uji ndani zaidi. Fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale alimwambia mteja mbele yangu, “Mwanangu, saa hii haijafa, imekula uchafu.”

Fundi wa kweli huanza na springi. Huushika ufunguo sawasawa, huinua kile kikwamizo cha gurudumu la meno, na kuiachilia springi ijikunjue kidogo kidogo, kwa sababu ikifyatuka ghafla inavunja meno ya magurudumu na kumkata vidole. Ndipo huitenganisha saa yote, huiosha, na kusugua kila tundu kwa kijiti mpaka kijiti kitoke safi. Tundu lililolika hulitia bushi mpya ya shaba, yaani kijibomba kidogo cha kulirudisha kuwa duara. Mafuta huja mwisho, tone dogo kwenye kila ncha, na meno ya magurudumu huachwa makavu. Hiyo ni kazi ya siku nzima au zaidi, na malipo yake ni haki yake, hata yakizidi bei ya saa.

Ukirudi nayo nyumbani, iweke mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, kwa maana springi ni chuma na kutu haina huruma.

Na kabla hujamwachia fundi saa yako, muulize kama ataifungua yote na kama ataachilia springi kwanza. Akichomoa mkebe wa kupuliza, ichukue umtafute mwingine.