Digrii ya lugha unayo, darasa la kwanza utaliweza?

Juzi barazani hapa Ngamiani, Tanga, kahawa ilitupoa vikombeni tukibishana habari ya mpwa wangu, kamaliza digrii ya lugha, yupo nyumbani mwaka wa pili huu, sasa anataka akafundishe shule ya msingi nje. Wazee wanasema asiende, mtoto wa kike atapotelea huko, vijana wanasema aende hata kesho. Mi naona wote wameliruka swali lenyewe, je kufundisha anajua?

Maana digrii ya lugha tupu, isiyo na ualimu ndani, haikufanyi mwalimu. Huyu binti fonolojia, ile elimu ya sauti za lugha, atakuchambulia mpaka uombe maji, ila mpe darasa la kwanza awafundishe KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, uone. Na shule za msingi za Uingereza na Marekani kawaida mwalimu mmoja ndo anashika darasa zima, hesabu yeye, sayansi yeye, mtoto kajikojolea yeye. Mwalimu wa cheti aliyetoka chuo cha ualimu hiyo kazi anaifanya huku kafumba macho, lakini wa nje wanataka digrii, kwahiyo anayeiweza hana karatasi na mwenye karatasi haiwezi.

Wanaosema aende wana hoja, sikatai. Ajira za serikali unaomba unasubiri unaomba tena, na deni la bodi ya mikopo halikusubiri wewe. Alafu ile viza ya J-1 ya walimu kwenda Marekani sio stori za vijiweni, ipo kweli, unafundisha mpaka miaka 3 na inaweza kuongezwa. Ila wanataka digrii pamoja na miaka 2 ya kufundisha, sasa yeye hiyo miaka kaitoa wapi?

Kwengine kikwazo ni pasipoti tu wala sio akili. Korea Kusini viza ya kufundisha Kiingereza kimsingi ni ya nchi 7, Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, hata uwe unaota kwa Kiingereza. Uingereza nao 2023 waliongeza nchi ambazo walimu wake wanaweza kuomba kutambuliwa, Ghana imo, Nigeria imo, Zimbabwe imo, sisi hatumo, na hao wenyewe ni wa hesabu, sayansi na lugha kwa watoto wa miaka 11 mpaka 16, sio wa msingi.

Na wale wa "Kiswahili kinauzika", sawa, Rwanda wamekifanya lugha rasmi 2017 na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakakipokea 2019, ila heshima ya kwenye vikao sio nafasi ya kazi darasa la pili.

Mi nipo upande wa kwenda, ila sio sasa. Asome kwanza stashahada ya uzamili ya elimu pale Chuo Kikuu Huria, afundishe miaka 2 hapahapa, ndo aombe. Mama yake kanijibu vizuri tu, hizo shule za English medium zinazomwita zinampa hela mkononi, mkataba hakuna, sasa hiyo miaka 2 ataithibitisha kwa barua ya nani?