Kikaragosi Ndiye Bwana

Kwetu, ukitaka kumkomoa mwanasiasa unamwita kikaragosi. Hana lake, yuko mtu nyuma ya pazia anayevuta kamba. Tusi hilo nimelitumia sana, na sijutii wote niliowapa. Lakini tangu nisome habari za Eugene Lambert wa Ireland, naona tumelishika kichwa chini miguu juu.

Lambert alizaliwa Sligo mwaka 1928. Kazi aliyojifunza ni ufundi wa friji. Kipaji chake kilikuwa kingine: aliweza kusema midomo imetulia tuli, ukadhani anayesema ni Finnegan, kikaragosi wake. Wanaoijua sanaa hiyo wanajua inavyokwenda. Kikaragosi ndiye mjuvi, ndiye mwenye majibu ya mkato, ndiye anayechekesha ukumbi. Binadamu aliyempakata kazi yake ni kuuliza maswali ya kijinga na kuaibishwa mbele za watu. Sasa niambie, nani hapo anamtumikia mwenzake?

Mwaka 1967 televisheni ya taifa, RTÉ, ilianza kurusha Wanderly Wagon, kipindi cha watoto kuhusu gari la kukokotwa na farasi lililoweza pia kupaa angani. Lambert aliigiza humo kama O'Brien, na vikaragosi vilikuwa kazi ya familia yake. Kipindi kiliendelea hadi 1982. Miaka 15! Mtoto aliyeanza kukitazama akiwa chekechea alikuwa na ndevu kilipozimwa.

Nyota wa kipindi, kwa maoni yangu, hakuwa O'Brien. Alikuwa mbwa wa kitambaa aitwaye Judge. Wakati wa kuwafundisha watoto wa Ireland kuvuka barabara salama ulipofika, katika miaka ya 1970, hawakuletewa trafiki na filimbi yake. Waliletewa Judge. Nchi nzima ilimwamini mbwa asiye na utumbo kuliko mtu mzima mwenye sare, na nadhani nchi nzima ilifanya vizuri.

Nimesikia watu wakisema huu ni uigizaji wa daraja la chini, mchezo wa walioshindwa kupata nafasi jukwaani. Anayesema hivyo ainue mkono wake juu ya kichwa sasa hivi, auache huko dakika tano. Damu inashuka, bega linawaka. Halafu ajikunyate chini ya meza ili asionekane, afungue na kufunga vidole sawasawa na kila silabi, na ahakikishe macho ya kikaragosi yanamtazama anayezungumza naye, si dari. Yakielekea darini mara moja tu, uhai umetoka. Mkononi limebaki tambara. Mwigizaji wa kawaida akisahau maneno bado anao uso wa kujitetea. Huyu wa chini ya meza hana.

Tena mwigizaji wa kawaida hupigiwa makofi yeye. Hili ndilo linalonivutia zaidi kwa Lambert na wenzake: kazi ikiwa nzuri, wao wanasahaulika papo hapo.

Mwaka 1972 alifungua Lambert Puppet Theatre huko Monkstown, Dublin, ukumbi wa vikaragosi tu. Alikuwa na watoto kumi, na kazi hiyo ikawa ya ukoo kama vile uashi au uvuvi unavyorithishwa. Bosco, kikaragosi mwenye nywele nyekundu aliyependwa na watoto wa miaka ya 1980, naye alipewa uhai na mabinti wa nyumba hiyo. Mzee alifariki Februari 2010. Miaka mitano baadaye moto uliuharibu vibaya ukumbi wake, na nilipoisoma habari hiyo niliwawazia kwanza vikaragosi, si mabati wala viti. Ujinga, najua.

(Kwa wapenda maneno: wengi wanaoeleza asili ya neno letu karagosi hulirudisha kwa Karagöz, kikaragosi wa Kituruki wa mchezo wa vivuli. Naye ni mlalahoi mwenye ulimi mkali, asiyesemewa na mtu.)

Juzi nilimwonyesha mpwa wangu kipande kifupi cha zamani cha Wanderly Wagon. Kiingereza chenyewe kilimpita. Kilipoisha akaniuliza, "Anko, yule mbwa anakaa wapi siku hizi?" Habari za mzee hakuniuliza.