Shangazi na Sekunde Saba

Kaka yake bibi harusi alishuka kutoka Dar na kamera mpya na neno moja mdomoni: sinema. Mpiga video niliyelipwa ni mimi, lakini korosho ilikuwa imelipa vizuri, mji wote wa Mikindani uko kwenye harusi, nani amkatalie mtoto wa mwenye shughuli? Nikamwachia msafara wa asubuhi wa bwana harusi.

Akaweka fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, kama sinema zilivyo tangu zilipoanza kuongea mwishoni mwa miaka ya 1920. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi ni shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Kwa fremu 24 inatakiwa iwe 1/50 ya sekunde hivi, kila fremu ipate ukungu kidogo, jicho liziunganishe. Sasa jua letu la saa tano, kwa shata hiyo, linafuta kanzu zote zinabaki nyuso zinaelea. Dawa yake ni filta nyeusi mbele ya lenzi. Dogo filta hiyo kaisahau Dar, kwa hiyo akapandisha shata mpaka 1/2000, kisha akaizungusha kamera kutoka kwenye ngalawa hadi Boma la Wajerumani kama anafukuza nyuki.

Jioni tukachomeka kamera kwenye runinga ya sebuleni. Boma likapita kwa kurukaruka, tuk, tuk, tuk. Minazi ikafuata. Bibi akashika mkeka kwa mikono miwili.

"Tetemeko hili la lini? Mbona hamkuniita nitoke ndani?"

Nikamvuta dogo barazani, nikampa kanuni ya watu wa sinema: ukigeuza kamera, kitu kichukue kama sekunde saba kutoka ukingo mmoja wa picha hadi wa pili. Au mfuate mtu mmoja, yeye atulie katikati, nyuma kupite kunavyopita, hakuna atakayekutazama. Hili la pili hata hakulisikia. Aliondoka na saba.

Usiku ikawa kutunza. Ngoma, beseni, akina mama wanacheza kwa zamu wakidondosha noti. Jua limezama, shata imekaa sawa yenyewe, dogo anageuza kamera taratibu kutoka kwa wapiga ngoma kwenda kwenye beseni, mdomo umegusana na maiki: "Moja... mbili... tatu..." Picha ilitoka laini kama samli, simnyimi haki yake. Ila kamera ilipofika kwenye beseni, Shangazi alishatunza, anarudi kitini. Anayeonekana ni mgongo. Kinachosikika ni "...sita... saba!" halafu vigelegele.

Daftari la kamati likamwagikiwa mchuzi wa pilau. Wakakubaliana waandike upya kwa kuangalia video. Shangazi, noti za elfu kumi, saba: 70,000.

Alinipigia alfajiri. "Mwanangu, mimi nimetoa laki. Mbele za watu."

Nikamweleza fremu, nikamweleza shata, nikamweleza picha zinavyorukaruka kamera ikienda mbio. Alinisikiliza kwa adabu zote mpaka mwisho.

"Haya, nimekuelewa. Sasa mwambie huyo mtoto wa kaka yangu arudie, na safari hii ahesabu mpaka kumi."