Nzi wa Maembe Malindi: Bomba la Dawa au Shimo?

Msimu wa maembe ukikaribia Malindi na Magarini, ubishi huwa ni uleule: kupuliza dawa mwembe mzima, au kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia? Wa shimo huambiwa wanabana pesa. Hoja yao ina uzito kuliko hivyo.

Nzi huyu wa Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga ndani. Funza hula nyama ya tunda, kisha hutoka na kujichimbia mchangani sentimita chache, akajifunga ganda la kahawia mfano wa punje ya ngano. Basi wengi wa nzi wa shambani wako ndani ya tunda au chini ya mchanga, na dawa ya kwenye majani haiwagusi.

Anayepuliza naye ana lake. Mnunuzi akipasua embe moja akaona funza, mzigo wote una mashaka, na dawa huwaangusha haraka nzi wanaoruka. Ila bomba la mgongoni halifiki kilele cha mwembe mkongwe wa aina ya ngowe, na dawa hiyohiyo huua maji moto, wale chungu wanaoshona majani kuwa kiota. Ni kweli wanamuuma mchumaji, na wanafuga vidudu vyeupe mfano wa unga. Lakini embe walilolipitia hubaki na harufu yao, na nzi jike hulikwepa. Kuwaua ni kumfukuza mlinzi asiyedai mshahara.

Tuliangalie embe lililolala chini. Likiachwa wiki moja, funza wameshatoka, na kuliokota sasa ni kupoteza nguvu. Kwa hiyo okota angalau mara mbili kwa wiki, pamoja na yaliyooza yakiwa bado mtini. Shimo liwe na kina cha nusu mita au zaidi juu ya embe la mwisho, mchanga ushindiliwe. Hapa ndipo wengi hukosea: nzi anapotoka kwenye ganda lake huvimbisha kifuko kwenye paji la uso na kuusukuma mchanga hadi juu. Mchanga wetu wa pwani ni laini. Shimo la kiganja kimoja kwake ni mlango.

Anayeona kuokota hakutoshi aongeze chambo cha protini chenye dawa kidogo: mililita 50 kwenye mita moja ya mraba ya majani, kila mwembe, kila wiki, na kurudia mvua ikiosha. Jike anahitaji protini ili mayai yakomae, hivyo hukifuata chambo mwenyewe. Mtego wa methili eujeno, kemikali ya harufu inayovuta nzi, hunasa madume tu. Unasaidia, lakini usiutegemee peke yake, na waya wake upakwe grisi ili chungu wasiwale nzi waliokufa.

Udhaifu mkubwa wa shimo uko kwa jirani. Nzi haoni mpaka wa shamba, naye huzaliana pia kwenye mapera na kungu, na mikungu ya vivuli vya barabarani haina wa kuiokotea. Shamba moja safi katikati ya matano machafu litavamiwa tena. Dawa nayo ina udhaifu huohuo, ila dawa hulipiwa upya kila inapopulizwa, na shimo likichimbwa kwa pamoja mwanzo wa msimu huhudumia mashamba yote sita.