Kitanda Kitapandaje? Maoni Kuhusu Miradi ya Wanafunzi wa Usanifu Majengo

Nilipokuwa mwaka wa pili wa masomo ya usanifu majengo, niliwasilisha mchoro wa nyumba ya ghorofa moja iliyokusudiwa familia ya watu watano. Nilizungumza kwa dakika kumi hivi kuhusu mwanga, kuhusu uhusiano wa ndani na nje, na kuhusu ukuta mmoja mrefu ambao niliuona kuwa uti wa mgongo wa kazi nzima. Mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa kimya muda wote alisogea karibu na ubao, akaweka kidole kwenye ngazi, akauliza: “Kitanda kitapandaje?”

Ngazi zile zilikuwa na upana wa sentimita 80, na katikati zilijipinda kwa vidato vya umbo la pembetatu. Kila kidato kilikuwa na kimo cha sentimita 20 na nafasi ya kukanyagia ya sentimita 22. Nilijitetea kwa kanuni ambayo chimbuko lake ni Mfaransa François Blondel, aliyeiandika mwaka 1675, na ambayo kwa vipimo vya leo husema kwamba kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha na nafasi ya kukanyagia, kiwe kati ya sentimita 60 na 64. Changu kilitoa 62. Mwalimu alikiri kwamba hesabu ilikuwa sahihi, kisha akaniuliza kama nimewahi kushuka ngazi za namna hiyo usiku nikiwa nimebeba mtoto aliyelala, na kama mgonjwa asiyeweza kutembea angeshushwa kwa njia gani. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechora ngazi kwa sababu nyumba ya ghorofa huwa na ngazi.

Siku hizi huitwa mara kwa mara kukaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo linalotathmini kazi za wanafunzi, na kadiri ninavyozidi kuziona ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tumeipanga safari yao kinyume. Katika shule nyingi mwanafunzi huanza na kibanda kidogo au nyumba ya familia moja, akapanda hadi jengo la makazi la ghorofa kadhaa, kisha maktaba, zahanati au ukumbi wa maonyesho, na mwaka wa mwisho akaachiwa mradi mkubwa wa umma ambao kwa kawaida huwa ni kituo cha utamaduni, uwanja wa ndege au makumbusho. Mpangilio huo humfundisha, bila yeyote kumwambia, kwamba nyumba ya kuishi ni zoezi la wanaoanza na kwamba ukubwa wa jengo ndio ukubwa wa kazi. Mimi naona nyumba ndiyo kazi ngumu kuliko zote anazopewa, na kwamba udhaifu mwingi wa majengo yao ya umma unatokana na kuiacha mapema mno.

Sababu yangu ya kwanza ni muda. Mgeni wa makumbusho hukaa humo saa mbili akaondoka. Kama ujia ni mwembamba au taa inamulika machoni, atanung’unika kidogo na kusahau. Mlango wa bafu unaogonga sinki hugongwa na watu walewale kila asubuhi kwa miaka thelathini. Sababu ya pili ni kwamba ukumbi mkubwa una mahali pa kujificha. Dari la mita 9, ukuta wa kioo na mwanga unaoshuka kutoka juu vinaweza kumvutia mtazamaji hata kama nyuma yake vyoo vimewekwa kwenye kona iliyobaki, ilhali chumba cha mita 3 kwa mita 3 na nusu hakina pa kuficha chochote. Kitanda, kabati, mlango, dirisha na binadamu anayepita kati yake lazima vienee, na sentimita 15 zikikosewa, kabati halifunguki.

Nichukue mfano wa mradi wa makazi wa ghorofa nyingi, ambao wanafunzi wengi huuchukia. Kosa la kawaida ni kuchora nyumba moja nzuri, kisha kuinakili mara sitini. Nyumba ya kona na ile ya katikati hupewa ramani ileile, ingawa moja ina kuta mbili zinazotazama nje na nyingine ina mmoja tu. Ramani ikitazamwa kutoka juu, hakuna tatizo linaloonekana. Ndiyo maana huwa naomba mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima, kabla ya kitu kingine. Kanuni ya makadirio inayotumiwa sana ni kwamba mwanga wa mchana unaofaa huingia ndani kwa kina cha takriban mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha. Dirisha likiishia mita 2.1, basi baada ya mita 5 hivi chumba kinaanza kuwa giza. Nimeona miradi yenye nyumba za kina cha mita 11 na dirisha upande mmoja tu, jiko likiwa limesukumwa ndani kabisa, ambako moshi na mvuke havina pa kutokea na taa lazima iwashwe saa sita mchana. Mwanafunzi huwa amepaka sehemu hiyo rangi ya krimu, kana kwamba rangi ingemsaidia mpishi.

Jiko lenyewe linastahili heshima zaidi kuliko tunavyolipa. Mwaka 1926 msanifu wa Austria Margarete Schütte-Lihotzky alisanifu jiko kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha chini mjini Frankfurt, lenye upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa karibu mita 3.4, na majiko ya aina hiyo yapatayo 10,000 yakajengwa. Alihesabu hatua za mpishi, akaweka meza ya kukatia karibu na dirisha, akapanga kila droo kwa kufuata mwendo wa kazi. Ni kazi ninayoistahi, lakini ina somo la pili ambalo halitajwi sana darasani: jiko lile lilikuwa jembamba kiasi kwamba watu wawili walipishana kwa shida, na hivyo likamfungia mtu mmoja ndani na kazi yote, hata kama wengine walikuwa tayari kumsaidia. Vipimo vilivyokokotolewa kwa uangalifu mkubwa vilikuwa vimeshaamua nani atapika. Mwanafunzi anayechora mstari kati ya jiko na sebule anaamua jambo kama hilo, ajue au asijue.

Huenda msomaji akasema kwamba majengo ya umma nayo yana ugumu wake, na hilo silikatai. Ninachodai ni kwamba waliofanikiwa ndani yake walifanikiwa kwa jicho la mtu anayefikiria mkaaji. Msanifu Alvar Aalto alipojenga hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Paimio, Finland, iliyokamilika mwaka 1933, alianza na mtu aliyelala. Mgonjwa aliyelala chali hutazama dari, kwa hiyo dari likapewa rangi tulivu na taa ikawekwa pasipomchoma macho. Mgonjwa wa chumba cha watu wawili anahitaji kunawa bila kumwamsha mwenzake, kwa hiyo sinki likapewa mteremko ambao maji huuangukia bila kelele. Jengo lile lina umbo la kuvutia, tena sana, lakini ukiniuliza kipi ningependa mwanafunzi akinakili kutoka kwake, nitasema sinki.

Mfano wa pili unawahusu wanafunzi moja kwa moja. Francis Kéré alikuwa bado anasoma usanifu mjini Berlin aliposanifu shule ya msingi ya Gando, kijiji alikozaliwa nchini Burkina Faso, na shule hiyo ikakamilika mwaka 2001. Alijua joto la darasa lenye paa la bati kwa sababu alikuwa amesoma katika darasa la aina hiyo. Akatumia matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, akaweka dari la matofali lenye matundu, na juu yake akainua paa la bati kwa fremu nyepesi za vyuma vya kawaida vya ujenzi, ili hewa ya moto ipande kupitia matundu na kuchukuliwa na upepo unaopita chini ya bati. Fremu hizo ziliweza kuunganishwa palepale bila winchi kubwa, na wanakijiji wenyewe wakajenga. Mwaka 2022 alipewa Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Ninapowaonyesha wanafunzi mchoro wa mkato wa shule ile, wengi hushangaa jinsi ulivyo mwepesi kueleweka. Paa lake ni zuri kweli, na kila sehemu yake inaweza kuelezwa kwa kumtaja mtoto aliyekaa chini.

Sasa linganisha na michoro ya kompyuta tunayoletewa. Saa huwa ni ya machweo daima, sakafu imelowa kidogo ili ing’ae, na watu waliopandikizwa humo ni vijana wembamba wasiobeba chochote, isipokuwa mmoja mwenye puto. Sijawahi kumwona mzee anayeshikilia ukuta, wala mama mjamzito anayetafuta pa kukaa, wala mtu wa usafi. Swali langu la kudumu kwa miradi ya umma ni hili: maji ya kudekia yanachotwa wapi na yanamwagwa wapi? Mara nyingi kimya hufuata, maana jengo la mita za mraba 6,000 halina hata chumba kimoja cha ndoo na ufagio. Njia za mteremko kwa viti vya magurudumu nazo huongezwa usiku wa mwisho. Kwa mteremko wa 1 kwa 12 unaopendekezwa mahali pengi, kupanda mita 1 kunahitaji mita 12 za njia, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Anayelikumbuka hilo usiku wa mwisho hana tena pa kuiweka njia hiyo ila nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka.

Upande wa pili upo pia, yaani kuisanifu nyumba kana kwamba ni jengo la umma. Pruitt-Igoe, mtaa wa majengo 33 ya ghorofa 11 uliojengwa St. Louis, Marekani, katika miaka ya 1950, uliwekewa lifti zilizosimama kwenye baadhi ya ghorofa tu, ili wakazi wakutane katika korido pana za ghorofa hizo, ambazo michoro ilizionyesha zimejaa watoto na majirani. Majengo yalianza kubomolewa mwaka 1972. Ni uonevu kumtwisha msanifu lawama yote, kwa kuwa fedha za matengenezo zilikosekana na mji wenyewe ulikuwa ukipoteza watu. Hata hivyo, mkazi mwenye mizigo na watoto wawili alilazimika kupanda au kushuka ngazi zisizo na mlinzi kwa sababu ya wazo lililopendeza kwenye karatasi.

Kwa hiyo ningependa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kabla hajaruhusiwa kugusa makumbusho yake, arudishiwe nyumba yake ya mwaka wa pili na kutakiwa kuichora upya kwa kipimo cha 1 kwa 20, yaani sentimita 1 ya karatasi kwa sentimita 20 za nyumba, pamoja na kila kitanda, kila mlango ukiwa umefunguliwa, na kila bomba. Ningependa pia kwenye jopo awepo angalau mtu mmoja anayeyajua majengo kwa kuyasafisha au kuyatengeneza. Wenzangu kadhaa husema hilo litaua ubunifu. Mimi huwajibu kwa sinki la Paimio, nao huwa hawakubali, na mjadala wetu huishia hapo.

Mchoro wangu wa mwaka wa pili bado ninao. Nimeuchora upya mara tatu tangu siku ile. Ngazi sasa zina upana wa mita 1.1 na sehemu bapa ya kugeukia katikati, vidato vina kimo cha sentimita 17 na nafasi ya sentimita 29, na kitanda kinapanda bila kukwaruza ukuta. Ule ukuta mrefu niliojivunia umebidi ukatwe mara mbili. Jiko bado linapata mwanga wa upande mmoja tu.