Mchoro ni wa mteja, hata kama karatasi umenunua wewe

Jumamosi iliyopita tulikutana hapa Moshi, watu kama kumi na wanne hivi, kwenye kaukumbi ka kukodi maeneo ya Soweto, wengine walitoka Arusha na Coaster ya alfajiri. Manesi, walimu, watu wa ustawi wa jamii, wanasihi wa makanisani, wote tunaotumia kuchora na kufinyanga udongo kuwasaidia watu wenye mizigo moyoni, yaani tiba ya sanaa. Tulikuja kuonyeshana kazi tunazofanya na wateja wetu, na kiukweli nilikuwa naisubiri sana hiyo siku maana hii kazi ina upweke, unakaa na mama saa nzima anachora kaburi la mwanae halafu unarudi nyumbani unabandika maharage na huna wa kumwambia.

Ila kuna kitu kimenikaa kooni mpaka leo. Wenzetu kadhaa walifungua tu simu wakaanza kutuonyesha picha za michoro, huyu ni fulani anakaa mtaa fulani, anauza kitu fulani, yamemkuta haya na haya. Nikauliza, mwenyewe anajua kama mchoro wake uko hapa? Kimya. Mmoja akasema jina hajataja kwa hiyo haina shida. Ina shida jamani, Moshi hii ndogo, ukishataja mtaa na biashara nusu ya ukumbi washamjua.

Naongea kwa uchungu kwa sababu mimi kwenye mambo haya niliingia kama mteja. Kaka yangu alifariki tukiwa hatusemeshani, na kwenye kikundi nilichopelekwa nikapewa manila na krayoni, nikachora mgomba na chini yake majani ya masale. Nililia sana siku ile, nikaenda nyumbani mwepesi. Miezi kadhaa baadaye rafiki yangu ananiambia ameuona mchoro wangu kwenye projekta, semina huko, na mtoa mada anaeleza kwamba yale majani mabichi ni dalili ya matumaini na maisha mapya. Masale! Mchagga yeyote anajua, masale unampelekea mtu uliyemkosea ukiomba msamaha, na kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, yanapandwa penye makaburi. Nilikuwa namwomba msamaha kaka yangu. Yaani mchoro ulichukuliwa bila kuniuliza, na ukasomwa bila kuniuliza, na hilo la pili ndilo liliniuma zaidi.

Ndiyo maana Jumamosi nilivyosikia watu wanasema rangi nyeusi ni huzuni, nyumba isiyo na mlango ni hofu, nilichoka. Muulize aliyechora. Labda mlango uko nyuma.

Jina lenyewe la tiba ya sanaa lilianza kutumiwa na Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza, mwaka 1942, na aliligundua jambo hili akiwa mgonjwa wa TB amelazwa, anachora kitandani kwake. Mgonjwa ndiye alianza kutuambia kuchora kunamfanyia nini, sasa sisi leo tunamwondoaje mgonjwa kwenye maelezo ya mchoro wake? Na sheria pia ipo, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ya mtu inazihesabu kuwa nyeti na inataka ridhaa ya maandishi. Karatasi moja ya Kiswahili rahisi inatosha, na kwa mtoto uongee na mzazi na mtoto mwenyewe pia, akikataa basi.

Kuna dada mmoja wa Arusha yeye alikuja mikono mitupu. Akasema mteja wake amekataa kazi yake ionyeshwe, kwa hiyo atatuambia yeye mwenyewe, dada, amekuwaje tangu aanze kukaa na huyo mteja, anavyoamka saa tisa usiku, anavyoogopa kukosea. Hakutaja mtaa wala kisa. Tuliongea naye karibu saa nzima, watu wakafunguka, hata wale wa simu waliziweka chini, na nilijifunza pale kuliko kwenye picha zote tulizooneshwa asubuhi.

Kikao kijacho kitakuwa Arusha. Nimeshaomba kwenye grupu letu asije mtu na mchoro wa mteja bila karatasi ya ridhaa, na mimi nakuja na ule wangu wa masale, nausimulia mwenyewe.